Cheti cha Kifo cha Baba Mkubwa

Wiki iliyopita mliniacha nimekufa.

Kwa waliokosa gazeti, mambo ni haya. Mimi ni fundi makochi, na jina langu nimerithishwa la baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekwenda jeshini akiwa kijana na asirudi. Nilikwenda ofisi ya vizazi na vifo kuomba cheti chake cha kifo. Karani akaandika jina, akaweka namba ya kitambulisho changu, akagonga muhuri. Nikatoka pale na cheti kizuri, hakina kosa hata la nukta, kinachosema kuwa mimi nimefariki.

Jioni laini ya simu ikafungwa. Kesho yake benki wakampa mke wangu pole.

"Ukawajibuje?" nikamuuliza.

"Nimewaambia nimeshapoa."

Basi, nimefufuka. Mkuu wa ofisi ile alinifuta kwenye orodha ya marehemu kwa mkono wake mwenyewe, akanipa mkono huo huo, akasema, "Karibu tena duniani." Halafu akanivunja moyo.

"Huyo baba yako mkubwa kwetu hayupo. Vifo vya wanajeshi vinaanzia jeshini. Jeshi likituandikia, sisi tunatoa cheti. Nenda masjala yao. Na usiende peke yako, nenda na ndugu wa damu aliyemfahamu, maana wewe ukisimama peke yako unachanganya watu."

Wa tumbo moja naye aliyebaki ni mmoja tu. Shangazi yangu.

Najua mnajiuliza kwa nini nahangaika hivi na mtu aliyetoweka kabla sijazaliwa. Ni mdomo wangu. Kuna baba mdogo mmoja kwenye ukoo wetu, mstaafu wa benki, tunamwita Mwenyekiti, maana hata msibani huwa anafungua kikao. Huyu ndiye anayechora mti wa ukoo. Kila aliyekufa anaandikiwa alikufa lini na wapi, na Mwenyekiti haandiki vya kusikia, anataka cheti. Siku ya kutuonyesha mti wake kwenye kikao cha ukoo, alipofika kwa baba mkubwa akaweka alama ya kuuliza.

Shangazi alisimama mbele ya watu wote. Shangazi akisimama hata watoto wachanga hunyamaza.

"Kaka yangu siyo alama ya kuuliza," akasema, na sauti ikamkatika.

Sijawahi kumsikia sauti ikimkatika. Ndipo mdomo wangu ukatoka mbio ukaacha akili nyuma. "Shangazi," nikasema, "cheti cha kaka yako nitakuletea mimi kabla ya mkutano wa ukoo."

Watu wakapiga makofi. Mkutano wa ukoo ni Jumamosi hii.

*

Asubuhi ya safari ya jeshini nilijiandaa. Nikajiambia, unakwenda kwa watu wa nidhamu, vaa kama mtu wa nidhamu. Nina suruali moja ya mitumba, ya mabaka mabaka, ina mifuko mpaka magotini. Futi yangu inakaa kwenye mfuko huu, chaki kwenye ule, misumari kwenye ule mwingine.

Mke wangu aliniangalia kuanzia chini mpaka juu. "Usiende na hiyo."

"Mama watoto, mambo ya jeshi huyajui."

"Mimi siyajui. Wewe umeyajulia wapi?"

Ningemsikiliza, hadithi ya leo ingekuwa fupi.

Tulipofika langoni, mimi na shangazi, askari aliyekuwa zamu aliniona kabla hatujamfikia. Akanyosha mkono.

"Simama hapo hapo! Kikosi gani?"

Nikafurahi. Nikaona mavazi yamenikubali. "Makochi," nikasema.

"Kikosi gani hicho?"

"Makochi na viti vya kulia. Hata magodoro nashona."

"Namba yako?"

Nikaanza kumtajia ya simu.

Uso wa yule askari ukabadilika. Akanizunguka taratibu kama mtu anayenunua ng'ombe. "Raia," akasema, "hiyo suruali umeitoa wapi?"

"Mitumbani, afande."

"Unajua ni kosa raia kuvaa nguo za jeshi?"

Nikamtazama shangazi. Shangazi alikuwa anaangalia ukuta, kama mtu ambaye hatujawahi kuonana naye.

"Vua," askari akasema.

"Hapa?"

"Unataka kuvulia mahabusu?"

Ndipo shangazi alipoamua kuwa tunafahamiana. Akasogea na mkoba wake kifuani. "Mwanangu," akamwambia yule askari, "huyu alizaliwa hivi hivi. Mama yake, Mungu amrehemu, alihangaika naye sana. Ukitaka kumfunga mfunge, lakini nakuomba iwe jioni. Mchana huu nina kazi naye."

Askari akauma mdomo. Niliona kabisa kicheko kinamtekenya naye anakibana. "Suruali inabaki hapa," akasema. "Yeye anaweza kupita."

"Apite na nini?"

Shangazi akashusha pumzi, akavua mtandio wake begani, wa kijani kibichi wenye maua ya manjano, akanitupia.

"Funga. Na ufunge vizuri, usije ukanitia aibu."

Kana kwamba aibu ilikuwa bado haijaingia.

*

Masjala ya jeshi ni chumba kirefu chenye makabati ya chuma mpaka darini. Mbele kuna kaunta, na mbele ya kaunta kuna benchi lililoshonwa ngozi ya plastiki. Nililiangalia kwa jicho la kazi. Sponji imekufa zamani, chini ni mbao na matumaini.

Nyuma ya kaunta alikaa sajini mwanamke, miwani kwenye ncha ya pua. Aliinua macho akayatua kwenye maua ya manjano, akayapandisha polepole mpaka usoni kwangu.

"Hospitali ni jengo la nyuma," akasema.

"Siumwi, afande. Tumekuja kuhusu kifo."

"Jina la marehemu?"

Nikamtajia.

"Na jina la mwombaji?"

Nikamtajia.

Akaweka kalamu chini. Akavua miwani. "Baba, nikueleze kitu. Hapa watu hawajiombei."

Nikamweleza habari ya kurithishwa jina. Nikamweleza na habari ya kufa kwangu wiki iliyopita. Nilipofika kwa mke wangu na benki, sajini alikuwa ameshika tumbo. Mtu akicheka hivyo hawezi tena kukufukuza, nami nikashukuru.

"Haya," akasema akijifuta macho. "Namba ya jeshi ya marehemu mnayo? Bila namba sitampata. Mle ndani kuna watu wa majina kama yake wa kujaza kijiji."

Mimi sikuwa nayo. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba huruma. Lakini shangazi alisimama, akabana miguu, akatoa kifua mbele, akaisema namba nzima kwa sauti ya gwaride, haikukwama popote. Mimi mwenyewe nilishtuka. Nyuma ya makabati kuna mtu alidondosha kitu.

"Alipokuja likizo ya kwanza," shangazi akasema akikaa, "ukimuuliza 'utakunywa chai?' anaruka, anasimama wima, anataja namba yote, ndipo anasema ndiyo. Ukimuuliza 'umelalaje?' namba. Mama alikasirika. Akasema, nimewapa mtoto wamenirudishia hesabu."

Akacheka. Halafu kicheko kikamwishia mdomoni, akakaa anachezea kamba ya mkoba.

"Mimi nilikuwa namcheka," akasema. "Nikaishika namba nzima kwa ajili ya kumwigiza. Alivyopotea, ndicho kitu chake pekee kilichobaki kwangu."

Sajini aliiandika ile namba bila kuuliza mara ya pili. "Taarifa ya kifo mliletewa na nani, mama?"

"Mwenzake wa kikosini. Kijana mrefu, sikio la kushoto halina ncha. Alikuja na begi la nguo za kaka. Akasimama mlangoni akasema, 'Mzee, mwanao ametutoka.' Baba akaanguka pale pale. Mama akapiga yowe. Tulipogeuka kumtafuta yule kijana atueleze vizuri, hayupo. Hatukuletewa maiti wala karatasi. Tulilia juu ya begi."

Sajini aliingia kwenye makabati. Akakaa huko muda mrefu. Mimi nilirekebisha fundo la mtandio. Shangazi alikuwa anasogeza midomo tu, nadhani anaomba.

Sajini alirudi na faili mkononi na hakukaa. Shangazi akainuka.

"Mama, mnasema huyu alikufa zamani?"

"Kabla mtoto huyu hajazaliwa. Ndiyo maana alipewa jina."

Sajini akamtazama shangazi, akanitazama mimi, akatazama tena ndani ya faili.

"Basi sijui niwaambieje," akasema. "Mwezi uliopita marehemu wenu amechukua pensheni."

*

Shangazi aliketi kwa nguvu. Lile benchi halikumpokea, mbao zikaachia, likammeza, ikabidi nimshike mikono yote miwili nimvute juu.

Mimi hasira ndiyo iliyonitangulia. "Ni mwizi!" nikasema. "Kuna mtu anakula kwa jina la baba mkubwa! Jina langu!"

"Inawezekana," sajini akasema. "Wapo wanaowafufua wafu kwa ajili ya pensheni. Ndiyo maana tuna uhakiki. Kila mwaka mstaafu anakuja mwenyewe, tunamwona kwa macho kwamba anapumua, ndipo jina linaendelea."

"Uhakiki wenyewe ni lini?"

"Wiki hii nzima." Akainua kidole, akaelekeza dirishani, kwenye ukumbi uliokuwa ng'ambo ya uwanja. "Na leo ni zamu ya herufi yenu."

Halafu sajini akavaa kofia yake, akaibana faili kwapani. "Twendeni. Kama ni mwizi, nataka nimkamate mwenyewe. Humu ndani na makaratasi nimezeeka."

Tukiwa tunavuka uwanja shangazi alinishika mkono.

"Akiwa mwizi," akasema, "nitajua kweli kaka yangu amekufa, na nitaacha kusikiliza mlango kila usiku. Umri huu wote nausikiliza, hujui tu."

"Na asipokuwa mwizi, shangazi?"

Akaukaza mkono wangu.

"Asipokuwa mwizi nitamuua mimi. Na wewe utapata cheti chako."

*

Ukumbi ulikuwa umejaa wazee. Viti vya plastiki safu kwa safu, fimbo zimeegemezwa kwenye magoti, nishani zimetoboa makoti yaliyokwisha rangi. Mbele kulikuwa na afisa na kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma. Anaita jina, mzee anajiinua kwa taabu, lakini akishasimama anakuwa mrefu kuliko alivyokuwa amekaa, anapaza sauti, "Nipo!" Afisa anaweka alama. Mzee anakaa, anarudi kuwa mzee.

Shangazi hakungoja. Alianza kupita kwenye safu akimwangalia kila mmoja usoni, kama mtu anayechagua nyanya. Wazee wakaanza kujinyosha. Mmoja akatoa kitana akajipitishia kwenye masharubu.

"Mama, unatafuta mume?"

"Natafuta marehemu."

"Keti hapa ungoje. Hutachelewa."

Safu nzima ikacheka, shangazi naye akacheka, akampiga yule mzee begani na mkoba. Halafu akafika katikati ya ukumbi, akakosa subira. Akaweka mikono kiunoni, akaita kwa sauti ya kuita mtu aliye shamba la ng'ambo ya bonde.

"Jongooo!"

Ndilo jina la utoto la baba mkubwa. Alikuwa akitaka kuchapwa anajikunja.

Hakuna aliyesimama. Kipaza sauti kikakoroma. Shangazi aliangalia kushoto, akaangalia kulia, na mimi nikamwona akipungua pale aliposimama, mabega yakishuka. Nikaanza kumwendea.

Ndipo afisa, aliyetaka kikao chake kiendelee, alipoita jina linalofuata.

Akaita jina langu.

Ndugu msomaji, mtu akiitwa jina lake haulizi kwanza anaitwa na nani. Tangu darasa la kwanza mimi nimefundishwa kitu kimoja tu.

"Nipo!" nikapaza.

Vichwa vyote vikageuka. Pale nimesimama, na mtandio wangu wa maua ya manjano.

Afisa akaangalia karatasi yake. Akaniangalia. "Mstaafu," akasema kwenye kipaza sauti, "hebu tueleze wenzako unatumia mafuta gani, maana umejitunza."

Wazee walipiga miguu chini, fimbo zikaanguka. Wengine walikohoa mpaka wakapigwa mgongoni. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Lakini sajini hakucheka. Alikuwa amegeukia mlango wa nyuma.

"Mmemsikia?" akasema. "Kuna mwingine ameitika."

"Ameitika nini?"

"Hakusema nipo. Amesema yupo."

Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwa amesimama mzee mmoja mrefu mwenye fimbo. Alipotuona tunamjia alitaka kukaa, akashindwa. Sajini akafika wa kwanza akamshika mkono. Mimi nikafika nikihema, nikamshika mwingine. Shangazi alikuja taratibu. Watu wote wakampisha.

Alisimama mbele yake. Akamtazama macho, akamtazama kidevu, akatikisa kichwa.

"Huyu siyo kaka yangu," akasema.

"Mwizi!" nikasema. "Afande, mfunge!"

"Ngoja." Shangazi alinyosha kidole akagusa sikio la kushoto la yule mzee. Halikuwa na ncha. "Huyu ndiye aliyetuletea begi."

*

Yule mzee aligonga fimbo sakafuni.

"Mama, mimi siibi," akasema. "Namshikia foleni tu. Goti lake halipandi ngazi. Kila mwaka mimi naingia nashika nafasi, wakimwita naitikia yupo, afisa anashuka kumwona kwenye gari. Muulizeni afisa."

Afisa kule mbele akaitikia kwa kichwa. Ni kweli, akasema kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukasikia, yule wa goti namfahamu.

"Yupo?" shangazi akauliza. Hakuuliza kwa nguvu. "Mtu yupo hai?"

"Yupo, mama."

"Wewe ulisimama mlangoni kwetu ukasema ametutoka."

"Nilisema ametutoka!" Mzee akafumbua macho yote. "Kikosini! Alihamishiwa kikosi kingine, mbali, usiku usiku, hata begi akaliacha. Akaniagiza nilipeleke nyumbani. Nikasema, mzee, mwanao ametutoka, nikiwa natafuta maneno ya kuendelea. Mzee akaanguka! Mama anapiga yowe! Majirani wanakuja mbio! Mimi nilikuwa mtoto wa juzi, nikaona nimeua mzee wa watu kwa habari ya uhamisho. Nikakimbia."

Sajini alifunika mdomo. Mimi sikujua nicheke au nilie. Babu yangu alikaa msibani, bibi yangu alikufa bila kuvaa tena nguo ya rangi, mimi nikapewa jina la marehemu, na yote hayo ni kwa ajili ya mtu kuhamishwa kazi.

"Na hukurudi kusema?" shangazi akauliza.

"Nilimwambia yeye, mama. Tulipokutana tena, miaka imepita, nikamwambia kwenu mmeshamlilia. Nikamwambia rudi kwenu. Yeye ndiye..."

Simu yake ikalia. Akaitoa mfukoni kwa mkono ulioshikwa na sajini, akasikiliza, uso ukamwanguka.

"Ndiyo," akasema kwenye simu. "Ndiyo, ni yeye mwenyewe. Hapana! Usiondoke! Subiri kwanza!"

Akatutazama.

"Amesikia sauti yako dirishani, mama, ulivyoita. Anamwambia dereva awashe gari."

"Gari gani?"

"Jeupe. Pembeni ya tangi la maji."

Nilitoka mbio.

Sijui kama mmewahi kukimbia na mtandio. Haukimbiliki. Kwenye ngazi fundo likalegea, nikalishika kwa mkono mmoja, huku mkono mwingine napunga kama mtu anayesimamisha treni. Gari jeupe lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma. Nikalizunguka nikasimama mbele yake, nikaweka viganja vyote viwili juu ya boneti.

Mtandio ukaenda zake. Sikuuokota.

Dereva, mtu wa makamo, alinitazama mimi na bukta yangu, akakanyaga breki.

Kioo cha nyuma kikashuka kidogo. Nikasogea, nikainama. Mle ndani alikuwa amekaa baba yangu. Lile paji la uso, ule mkunjo kati ya nyusi. Baba yangu niliyemzika kwa mikono yangu, ila amezeeka zaidi kuliko alivyopata nafasi ya kuzeeka.

"Wewe nani?" akaniuliza. Hata sauti.

Nikamtajia jina langu. Jina lake.

Vidole vyake vikashika ukingo wa kioo.

"Walikupa jina langu?"

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikufa."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo lenye haki. Akajifuta macho na mkono wa koti. Akatabasamu, na meno yalikuwa ya baba pia.

"Wewe ni kijana mzuri," akasema. "Basi nisikilize. Rudi kamwambie dada yangu kwamba nilikufa. Mwambie umekuta mtu mwingine. Hicho cheti mtakipata tu, mimi mwenyewe sitachelewa sana."

Nikafungua mdomo nimjibu. Mlango wa upande wa pili ukafunguliwa.

Shangazi alikuwa anaingia kwenye gari, anahema, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Sogea huko," akamwambia marehemu.

Marehemu akasogea.

Shangazi akafunga mlango. Hakumtazama. Alivaa kiatu chake, akaweka mkoba magotini, akatazama mbele kabisa, machozi yanamteremka naye hayafuti. Mkono wake peke yake ulikwenda pembeni, ukatafuta mkono wa kaka yake, ukaukamata kama mtu aliyekamata kuku.

"Dereva," akasema, "ondoa gari."

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Nyumbani kwake. Mtu hakubali kuwa maiti miaka yote hii bila sababu. Nataka niione hiyo sababu, kama ina miguu."

Baba mkubwa aligeuka, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea kwa mwanajeshi. Hofu.

"Dada," akasema, "nipeleke popote. Nipeleke kwenye kaburi la mama nikaombe radhi. Lakini siyo kwangu. Leo siyo kwangu."

"Dereva," shangazi akasema, "hukunisikia?"

Dereva alitazama kwenye kioo cha kuonea nyuma, akamtazama mzee wake, akamtazama shangazi yangu. Nadhani alipima ni nani wa kumwogopa zaidi.

Gari likaondoka nao, mimi nikabaki na bukta yangu. Kama sababu ina miguu, tutaiona wiki ijayo.